Sauti ya Nne ya Dada Janeth

Mheshimiwa Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, Mzee Alute balozi wetu pamoja na ndugu zetu Waislamu mlioacha kazi za shamba mkaja kuniaga, wanakwaya wangu, na ninyi akina mama ambao harufu ya masufuria yenu inanifikia mpaka hapa: Bwana Yesu asifiwe! Wakubwa wangu wote, shikamooni.

Nimefundisha kwaya hii ya Sepuka miaka ishirini na sita, na leo namkabidhi Joshua. Waliotangulia kusema wamenisifu mpaka nikageuka kutazama kama kuna Hezekia mwingine nyuma yangu. Asanteni, lakini mmesifu nusu. Nusu nyingine naijua mimi, na dada mmoja aliyekaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Dada Janeth, usiinamishe uso. Wa kuinama leo ni mimi.

Wageni wetu, huyu ni mkulima wa alizeti kama sisi wengine, ila Mungu alimpa sauti nzito kuliko ya mumewe. Alipojiunga nasi nilimjaribu sauti ya kwanza, nikamjaribu ya pili, nikamjaribu ya tatu. Akashuka mpaka ya nne, akatulia huko kama mtu aliyefika kwao. Basi akasimama na wanaume wa besi, kitenge katikati ya suruali, miaka tisa, na hakuna aliyekufa.

Yakaja mashindano ya kwaya kule Shelui. Nani kati yetu hakuutaka ushindi ule? Mimi niliutaka mpaka chakula kikanishinda. Nikaambiwa, na sitamtaja aliyeniambia maana mdomo uliotumika ulikuwa wangu, kwamba mwanamke kwenye mstari wa wanaume ataharibu umoja wetu machoni pa waamuzi. Nikamhamishia kwa akina mama. Nikamwambia, "Dada, wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe." Akanitazama. Akasema, "Sawa, Mwalimu."

Mnakumbuka yaliyotokea? Amosi wa besi, usicheke, ulikuwa mstari wa mbele wa msiba ule! Besi iliingia kama ng'ombe walioona maji, kila mmoja na njia yake. Kumbe miaka yote wanaume wale walikuwa wakisikiliza kwa Janeth mahali pa kuanzia, na mimi mwalimu wao sikujua. Tukawa wa mwisho. Njiani kurudi gari zima lilimlaumu Amosi, nami nikakaa kimya kama simo. Amosi, ndugu yangu, nisamehe.

Jumapili iliyofuata Janeth alirudisha sare yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Hakugomba na mtu, hakuhama kanisa. Lakini kuna jambo linaloniuma hadi leo. Kwa miaka mitatu, kila kanisa zima linapoimba, huwa namtazama pale kwenye benchi lake. Anafungua mdomo. Sauti haitoki. Jamani, bado ananitii!

Nami jambo lile nililiita umoja. Umoja gani huo wa kumnyamazisha mtoto wa Mungu ili tufanane? Kama Mungu angetaka sote tuwe sauti ya kwanza, si angetuumba hivyo, nami nikapumzika mapema? Nilikosea, Janeth. Nilikuumiza mbele ya watu, na mbele ya watu hawa hawa naomba unisamehe.

Sare yako hii hapa. Mke wangu ameilinda na panya miaka yote mitatu. Joshua, mahali pake ni katikati ya besi, na asisogezwe tena na yeyote, hata akija na maneno matamu. Na kama Dada hataki kurudi, ni haki yake. Nitakwenda nyumbani na aibu yangu, na chakula chenu nitakula hivyo hivyo.

Naona anasimama. Akina mama, mpisheni. Msimsukume, mwacheni aje kwa miguu yake mwenyewe. Karibu, Dada. Pokea. Amosi, sogea kidogo. Hapo hapo.

Nilikuwa nimeandika karatasi mbili zaidi za shukrani. Mchungaji, nazikunja, zitakuja siku nyingine. Dada Janeth, tuanzishie, wanaume wakufuate. Nanyi nyote, mmenisikiliza mimi miaka ishirini na sita, asanteni sana. Sasa tumsikilize yeye.