Mwalimu Ketrina na Uwanja Wenye Mwenyewe

Tunayemzika leo ni Mwalimu Ketrina Namwinga, kama mabinti wa akina Simwinga wanavyoitwa, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Edson Simwinga na Mama Yunisi. Alizaliwa Isansa, wilayani Mbozi, tarehe 14 Agosti 1961, msimu wa kuchuma kahawa. Mama Yunisi mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alitoka shambani siku hiyo kapu likiwa nusu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, akachaguliwa kujiunga na mafunzo ya ualimu. Mwaka 1979 alipangiwa Tunduma, akafundisha hapa hadi alipostaafu mwaka 2016. Asubuhi hesabu, jioni netiboli na mpira wa miguu. Mipira ya shule ilipochakaa alivuka mpaka mwenyewe kwenda kununua Nakonde, upande wa Zambia. Siku moja aliudundisha mpira dukani akisikiliza kama unavuja, akadundisha weee, mpaka mwenye duka akasalimu amri: “Mayo, mama yangu, chukua kwa bei yako, ila acha kudunda!”

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa katika Kanisa la Moravian na Timotheo Siwale, dereva wa malori. Mungu aliwajalia watoto watatu: Atupele, ambaye ndiye mimi ninayesoma wasifu huu, Diana na Brian. Baba alifariki mwaka 2009, mama akatulea peke yake.

Mwaka 2020 wananchi wa kata yetu walimchagua kuwa diwani. Februari 2023 kampuni moja yenye timu ya mpira hapa mjini iliomba halmashauri iijengee jukwaa na uzio kwenye kiwanja chake. Fedha zingetoka kwenye ushuru wa masoko na maegesho ya malori. Marehemu alisimama barazani akauliza, “Hati ya kiwanja ina jina la nani?”

Msemaji wa kampuni akajibu, “La kampuni, Mheshimiwa. Lakini uwanja ni wa wananchi.”

“Na kiingilio kitakwenda wapi?”

“Kwa kampuni.”

“Basi kampuni ijenge.”

Hoja iliahirishwa hadi Mei. Miezi hiyo mitatu alipanda bodaboda mtaa kwa mtaa, goti likiwa limevimba, akieleza. Kwenye mkutano mmoja vijana walimzomea kwamba hapendi mpira. Akawasubiri wamalize. “Nusu yenu nimewafundisha mimi kupiga danadana,” alisema. “Mpira naupenda. Ninachokataa ni mama lishe kutozwa ushuru ajenge uwanja wa mtu, kisha alipe kiingilio aingie.”

Wakati huo mdogo wetu Brian alikuwa golikipa wa timu hiyohiyo. Mwezi Aprili alirudi nyumbani na mabegi yake. “Mama, wamesema nisirudi mazoezini mpaka uache.”

Mama alikaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba kumwona akilia. Akamwambia, “Ukitaka niache, mwanangu, niambie. Ila niambie ukinitazama usoni.”

Brian alifungua begi lake. Alienda kuanika jezi zake.

Tarehe 23 Mei 2023 madiwani walipiga kura. Kwa kura kumi na mbili dhidi ya tisa waliamua kwamba fedha ya umma isijenge mahali ambapo umma hauna hati. Badala yake ukasawazishwa uwanja wa wazi wa kata, ambako leo shule tatu zinacheza bila kulipa. Kampuni ilijenga jukwaa dogo kwa fedha yake. Lilipofunguliwa, mama alikata tiketi kama watu wengine, akakaa upande wa jua, akashangilia. Brian hakuitwa tena katika timu ile. Alikaa msimu mzima bila timu, kisha akasajiliwa Mbozi.

Mwishoni mwa mwaka 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa Mbeya, na mwaka 2025 hakugombea tena, ingawa hakukosa mkutano wa mtaa hata mmoja alipopata nguvu. Brian ndiye aliyemuuguza hospitalini. Siku chache kabla ya mwisho alimwambia, “Mama, mwaka ule nilikukasirikia sana.”

“Najua.”

“Mbona hukuniuliza tena?”

“Ningekuuliza tena ningeacha. Na wewe ungeishi ukijua niliacha kwa ajili yako.”

Brian alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipoingia kubadilisha dripu. Mama alifariki Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, dada yake Anastazia, kaka yake Lusubilo, ndugu zetu wa Nakonde, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Golikipa wa Mbozi ataongoza vijana kubeba jeneza. Ameomba mwenyewe akae mbele.

Bwana ampe mwalimu wetu pumziko lenye amani.