Lita Sita Kila Ijumaa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wetu wa hospitali, Matroni, madaktari na wauguzi wenzangu, ndugu zetu wa maabara, wa usafi na wa stoo. Ndugu wazabuni, mliokubaliwa na mliokataliwa, maana naona mmekaa meza moja na mnacheka. Mzee wa nyumbani kwa huyu tunayemuaga, pamoja na watoto na wajukuu. Na wewe mwenyewe, Mama Cheti, unayejifanya kutafuta kitu kwenye mkoba ili usitutazame: habari za mchana.

Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto wachanga. Nimeombwa nimuage ofisa manunuzi wetu kwa niaba ya wodi zote, na nimeonywa nisizidishe dakika kumi. Nitajitahidi, ingawa miaka kumi na tisa haikunjiki kirahisi.

Jina la Mama Cheti tulimpa sisi, tena kwa hasira. Mnaukumbuka mwaka ule wa kuhara, wodi zimefurika, na dawa ya kuua vijidudu imebaki ya kulowesha matambara mawili? Lori likaingia na madumu arobaini, sote tukapiga vigelegele. Yeye akatoka stoo na miwani yake, akainama dumu baada ya dumu, akilinganisha namba ya toleo na ile iliyoandikwa kwenye cheti cha maabara. Hazikufanana. Akamwambia dereva kwa upole kabisa, "Baba, cheti hiki ni cha madumu mengine. Haya yako yamepimwa na nani?" Lori likageuzwa. Nani kati yetu hakumsema siku ile? Mimi nilimwita mama asiye na huruma, na nilihakikisha anasikia. Siku mbili tulisugua sakafu kwa sabuni na maji ya moto, migongo ikituuma, mpaka ilipofika dawa iliyopimwa. Yale madumu ya kwanza, tulikuja kusikia baadaye, yalikuwa na maji mengi kuliko dawa.

Lakini si hilo lililonisimamisha hapa.

Ndugu zangu, miaka sita iliyopita tulipokea kitakasa mikono kipya. Vyeti vilikuwepo vyote, spiriti ilikuwa ya kiwango kinachotakiwa, namba zilifanana. Tatizo lilikuwa moja tu: kilichoma. Muuguzi wa watoto wachanga hutakasa mikono hata mara themanini kwa zamu moja, na kufikia siku ya tatu wasichana wangu walikuwa wakikipaka huku wanalia. Tukaanza kukikwepa. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu kwenye ufawidhi, na niliogopa kuambiwa wodi imenishinda. Basi kila Ijumaa, kabla Mama Cheti hajaja kuhesabu matumizi, nilikuwa namwaga lita sita kwenye sinki la chumba cha kufulia, ili hesabu ikae sawa.

Naam, mmesikia vizuri. Nilimwaga.

Jumanne moja akaja bila taarifa, daftari kwapani. Akaniambia, "Mwanangu, wiki ya watoto tisa mmetumia lita sita. Wiki ya watoto ishirini na saba, lita sita. Hawa watoto wenu wana adabu sana." Nikacheka kicheko cha mwizi. Akasema, "Hebu nione mikono." Nikamnyooshea. Ilikuwa laini kama ya bibi harusi. Akaishika, akaigeuza kiganja na mgongo, na machozi yakanitoka yenyewe.

Nikamweleza yote. Mnadhani alinigombeza? Alikaa kwenye kiti wanachonyonyeshea akina mama, akavua miwani, akasema, "Nilivisoma vyeti vyote, lakini dawa yenyewe sikuipaka hata siku moja. Nenda kwa watoto. Wauguzi wanawe kwa sabuni mpaka nikuletee kingine."

Akaondoka na chupa moja, akaenda nayo nyumbani. Mzee wetu, wewe ni shahidi: wiki nzima mkeo alijipaka dawa ile mara themanini kwa siku, akiandika kila mara, nawe ukimwambia amechanganyikiwa. Siku ya nane aliingia kwenye kikao cha uongozi na wafawidhi, akaweka mikono mezani, imepasuka kila kiungo. Akasema, "Hiki kimetimiza masharti yote, na hakuna anayeweza kukitumia. Nilikinunua mimi." Tangu siku hiyo hakuna kitakasa kinachonunuliwa hapa kabla wauguzi hawajajaribu sampuli yake zamu nzima.

Habari ya sinki hakuitaja. Walimpa barua ya onyo kwa uzembe. Mimi nilikuwa mle kikaoni, kiti cha tatu kutoka mlangoni, nikanyamaza.

Katika wiki zile watoto watatu walipata maambukizi. Walipona wote, na wazazi wao walituaga kwa shukrani ambazo sikuweza kuzipokea nikiwatazama usoni. Kama ilikuwa mikono yetu, sijui, na sitajua kamwe. Bado nawakumbuka kila ninapompokea mtoto mpya.

Mama, hakuna mzazi atakayempa mwanawe jina la mtu aliyerudisha lori. Watoto wanaotoka wodini kwangu wazima hawatajua kuwa kuna mtu aliyekuwa akiinama juu ya madumu kwa ajili yao. Sisi tunajua. Nakupenda, na nilipaswa kukwambia siku nyingi.

Mkurugenzi, jana ulinipa barua ya kuniteua niongoze kamati ya ukaguzi wa dawa hizi, mahali pake. Sijaisaini. Ulistahili kujua kwanza unamkabidhi nani, na ukiitaka irudi, nitairudisha bila kinyongo. Ila nina ombi. Katika miaka kumi na tisa, faili la Mama Cheti lina barua moja tu ya onyo. Naomba itolewe humo leo, kabla hajavuka geti, iwekwe kwenye faili langu, kwa sababu ni yangu.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Mama, nisamehe.