Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuwatafutia Wanafunzi Madarasa: Bi Verna Hostetler Anastaafu

Ijumaa, tarehe 30 Mei, Bi Verna Hostetler anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Walnut Fork kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika Ofisi ya Mazoezi ya Kufundisha. Mwenyewe aliomba tusiandike chochote. Tuliposhikilia, akasema basi tuandike, ila tusidanganye.

Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wanafunzi wetu wa ualimu shule za kufanyia mazoezi, kuwakagua huko, na kuhakikisha kila saa waliyokaa darasani inahesabiwa katika krediti za shahada. Alianza na wanafunzi tisa na shule mbili. Leo wilaya tano za kusini mwa Ohio zina walimu waliopita mikononi mwake, na wote wanamkumbuka akiwa nyuma ya darasa, mrefu kama alivyo, amejikunja juu ya kiti cha mtoto wa chekechea. Mwaka mmoja kiti kilimvunjikia. Alimaliza ukaguzi akiwa sakafuni, na mwanafunzi akapata alama nzuri kwa kutocheka.

Kila Agosti alipiga simu ofisi ya jimbo kuulizia leseni za walimu walezi, wale wanaowasimamia wanafunzi wetu shuleni, mmoja mmoja, kwa sababu saa zinazosimamiwa na mwalimu asiye na leseni hai hazihesabiki. Simu hizo zilimchukua wiki mbili. Wale wa jimboni walimzoea. "Haya, Verna kaanza," walikuwa wakiambizana. Miaka miwili iliyopita chuo kilinunua mfumo wa kompyuta wa kuifanya kazi hiyo, naye akaelekezwa aache. Akaacha.

Muhula uleule alimpeleka Tawny Ruckman katika shule ya Pike Hollow. Tawny alikuwa na miaka thelathini na sita, dereva wa basi la shule hiyohiyo. Alikuwa amesoma miaka saba, kozi moja moja, jioni baada ya kazi. Mwajiri wake alimpa likizo ya muhula mmoja kwa ajili ya mazoezi, akamwambia hakutakuwa na nyingine. Alifundisha darasa la tatu chini ya Orrin Stabler, mwalimu mzee na mwema. Bi Verna alimkagua mara tatu. Ripoti ya mwisho ina sentensi moja tu: "Huyu mpeni darasa lake."

Zikiwa zimebaki siku sita mazoezi yaishe, msajili wa chuo akagundua kwamba leseni ya Bwana Stabler ilikuwa imekwisha muda tangu Agosti. Alikuwa akimuuguza mkewe, na barua ya kumkumbusha ilikaa mezani bila kufunguliwa. Mfumo ulikuwa umesoma leseni ya zamani. Saa mia nne na themanini za Tawny zikafutwa, na krediti zake kumi na mbili pamoja nazo.

Bi Verna alikata rufaa mbele ya kamati ya watu watano.

"Adhabu nipeni mimi," alisema. "Zile simu zilikuwa kazi yangu, nikaziacha. Huyu binti kosa lake liko wapi?"

"Hakuna anayesema amekosa, Verna," mwenyekiti akamjibu. "Tunasema tu hazihesabiki."

Wanne tulikataa. Ndiyo, mimi ninayeandika haya nilikuwamo. Niliogopa chuo kisije kikanyang'anywa idhini ya kufundisha walimu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini ile ripoti nilikuwa nimeisoma.

Siku hiyohiyo Bi Verna alitaka kwenda kumwambia Tawny mwenyewe, uso kwa uso. Nilimpeleka mimi kwa gari. Tulimkuta Tawny kwenye yadi ya mabasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama anaweza kurudia. Bi Verna akamwambia anaweza, mwakani.

"Mwakani kwa likizo ya nani, Bi Verna?"

"Sijui, mwanangu."

"Watoto nimewaambia kesho tunaanza hesabu za sehemu. Nani atawaambia siji?"

Tawny ndiye aliyemkumbatia Bi Verna. "Nenda nyumbani ukapumzike," alimwambia. "Umechoka, wewe."

Hakupumzika. Kwa mwaka mmoja na nusu aliandika jimboni barua kumi na moja. Jibu la mwisho lilifika wiki tatu zilizopita, nalo lilikuwa hapana. Tawny hakujiandikisha tena. Bwana Stabler aliacha kazi kabla ya Krismasi ile, na tangu hapo darasa lake limepitia walimu wa muda saba. Kila asubuhi Tawny anawashusha watoto wa Pike Hollow mlangoni pa shule, anafunga mlango wa basi, anaondoka.

Nafasi ya Bi Verna haitatangazwa. Kuanzia Agosti wanafunzi watajitafutia shule wenyewe, kupitia mfumo uleule.

Katika jarida hili tumezoea kuandika kwamba mstaafu anaacha pengo nasi tutajitahidi kuliziba. Safari hii hatutaliziba. Asante, Bi Verna, kwa wote uliowafikisha. Ni wengi sana, ingawa tunajua wewe unamhesabu mmoja. Tunakuombea afya njema, bustani isiyokusumbua, na asubuhi moja utakayopishana na basi la Pike Hollow barabarani bila kugeuza uso pembeni. Mimi bado nageuza.

Lowell Amstutz, Idara ya Ualimu