Mzamiaji wa Tchegera na rozari ya mkewe

Wasikilizaji wapendwa, kuna nyumba moja hapa Goma, mtaani Murara, ambayo leo kiti chake cha mlangoni kiko kitupu. Kwa miaka karibu kumi na miwili, kila aliyepita mtaa ule alimkuta muzee amekaa pale, blanketi miguuni, macho yameelekea upande wa ziwa, ingawa kutoka pale ziwa halionekani. Muzee huyo ni Habineza Henri. Wengi wenu mlimwita Papa Samaki. Ametutoka Jumatatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Narudia kwa wale wanaofungua redio sasa hivi: Papa Habineza Henri wa Murara, mzamiaji, mtu aliyeshuka chini ya ziwa Kivu na chupa ya hewa mgongoni, hatunaye tena.

Alizaliwa Masisi, kwa wafugaji. Watu wa ng'ombe hao, maji kwao ni ya kunywesha mifugo. Alipofika Goma akiwa kijana, alipata kazi ya kumbebea mizigo mtafiti mgeni aliyekuja kuhesabu samaki kuzunguka kisiwa cha Tchegera, kile kisiwa kilichopinda huko magharibi. Mtafiti alihitaji mtu wa pili wa kuzama naye. Henri akasema anajua kuogelea. Aliongopa, wasikilizaji, tuseme ukweli hata kwa marehemu. Alijifunza juma lile lile, na maji ya Kivu aliyokunywa yangetosha kupikia harusi.

Lakini alipokwisha kufika kule chini, moyo wake ukabaki huko. Mkewe, Mama Nyirakamana Émérance, anakumbuka: "Alikuwa anarudi nyumbani ananipa habari za samaki sawa vile mutu anatoa habari za majirani. Huyu amehama. Huyu amezaa. Hawa wanagombana juu ya jiwe." Alimweleza habari za samaki wadogo weusi wanaokaa kwenye miamba ya Tchegera, jinsi mama anavyobeba mayai mdomoni, na watoto wakiisha kutoka, wakiona kivuli tu, wote wanakimbilia tena mdomoni mwa mama. Kundi la sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, likipita juu ya kichwa chake, alisema, mwanga ulipungua kidogo halafu ukarudi. Mama Émérance hajawahi kuingiza hata kichwa ndani ya ziwa, lakini ukimuuliza habari za samaki wa Tchegera, atakueleza mpaka chai ipoe.

Vita vya miaka ya tisini vilipoanza, mtafiti akaondoka, na hakurudi. Alimwachia Henri chupa mbili za hewa, maski, kipimo cha kuonyesha hewa iliyobaki, na saa ya kuvaa majini. Samaki wa kuhesabu walikuwepo, wa kumpelekea hesabu hakuwepo. Kazi nyingine ikamtafuta yenyewe. Ziwa letu likimchukua mtu, mara nyingi halimrudishi, na familia isiyopata mwili haijui matanga yaanze lini wala yaishe lini. Familia hizo zilianza kubisha mlangoni kwa Henri. Alikwenda kwa kila aliyebisha.

Mnajua Januari ya mwaka 2002 ilivyokuwa. Moto wa mlima Nyiragongo ulishuka mjini na nyumba yao ikawa jiwe. Chupa zilipona, kwa sababu siku hiyo zilikuwa kwa mafundi waliokuwa wakimjazia hewa. Lakini kipimo na saa vilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Viliyeyuka. Na mzamiaji asiyejua hewa yake imebaki kiasi gani, huyo anacheza na kaburi.

Hapo ndipo Mama Émérance, aliyemwita mumewe Papa Olive kwa jina la binti yao, alipoingia kazini. "Nikamuambia: Papa Olive, rozari yangu inakamata minuti vingt, haipite. Tulipima na saa ya jirani mara tatu. Ilikuwa vile vile." Dakika ishirini kamili. Tangu siku hiyo alikaa ndani ya pirogi, yaani mtumbwi, kamba mkono wa kushoto, rozari mkono wa kulia. Kamba ilishuka mpaka kiunoni mwa mumewe. Kila fumbo likiisha, yaani Salamu Maria kumi, aliivuta mara moja. Fumbo la tano likiisha, aliivuta mara mbili, maana yake: panda. Chupa ilibeba hewa ya rozari moja na ziada ndogo tu. Walifanya kazi hivyo miaka kumi. Miaka kumi, wasikilizaji, na hakupata hata mkwaruzo.

Sasa tufike Novemba ya mwaka 2012. Waasi walikuwa wanaukaribia mji, na watu waliogopa njia ya Sake. Pirogi moja iliyojaa kupita kiasi ilipinduka karibu na Tchegera. Ndani yake alikuwamo Clotilde, mwalimu wa Minova, aliyekuwa anakuja Goma kumchukua mama yake wakimbie pamoja. Mama huyo ni Mama Kahindo, mfanyabiashara kutoka Butembo. Alikaa siku mbili kwenye ufuko, hali, halali. Siku ya tatu akaenda Murara kwa Henri. "Papa," akasema, "miye sitoke Goma bila mutoto wangu. Vita inikute hapa."

Ilikuwa Jumanne, siku ya mafumbo ya uchungu. Walitoka asubuhi, Mama Kahindo akiwa nao ndani ya pirogi. Henri akashuka. Mama Émérance akaanza kusali. Fumbo la kwanza, akavuta. La pili, akavuta. Katikati ya fumbo la tatu, mabomu yakaanza kulia upande wa uwanja wa ndege. Na Murara iko pale pale. Binti yao, Umutesi Olive, alikuwa nyumbani peke yake.

Akili ya mama ikakimbilia kwa Olive. Ilipomrudia, vidole vilikuwa vimeshika shanga asiyoijua, na midomo ilikuwa inasali kitu asichokijua. Sasa, wasikilizaji, huyu mama alifundishwa na mama yake kule Rutshuru kwamba sala iliyokatika haiungwi, inaanzwa upya. Ndivyo alivyosali tangu utoto. Akarudi kwenye shanga ya kwanza ya fumbo la tatu. Bomu likalia tena. Akaanza upya tena. Hakukumbuka kwamba shanga zile, siku ile, zilikuwa hewa ya mumewe.

Alipovuta mara mbili, kamba ilikuwa nzito. Henri akapanda haraka kuliko mzamiaji anavyoruhusiwa kupanda, chupa haina kitu, damu ndani ya maski. Mikononi alikuwa na Clotilde.

Mama Kahindo alimzika binti yake. Lakini jioni ya Jumanne ile miguu ya Henri, kwa kule kupanda haraka, ilikufa ganzi, na haikuamka tena. Hospitali zilikuwa zimejaa majeruhi wa risasi. Nani angekuwa na muda wa mtu aliyeumizwa na maji?

Kila aliyekuja kumpa pole, Henri alimjibu neno moja: "Kosa ni yangu. Nilikawia." Mama Émérance alikuwa anasikia. Alikuwa anawamiminia wageni chai, anasikia, ananyamaza. Karibu miaka tisa.

Mei ya mwaka 2021 mlima ukawaka tena, na tukaamriwa kuhama mji. Papa Henri hakuweza kutembea. Olive akaazima chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wakamlaza juu yake mahali pa magunia ya makaa, mama na binti wakasukuma kuelekea Sake. Walipofika mtaa wa Lac Vert wakapumzika. Olive akaenda kutafuta maji ya kunywa. Na pale kando ya njia, watu wakipita na magodoro vichwani, Mama Émérance akashindwa kulibeba lile neno zaidi.

"Papa Olive, ile siku nilirudilia fumbo ya tatu. Mara mbili. Ni miye nilikuua miguu."

Henri alimwangalia. "Minajua," akasema. "Nami nilikuwa nasali kule chini. Kila siku nilikuwa nasali na weye. Nilimaliza mbele yako, weye ungali unasali."

"Sasa juu ya nini haukupanda?"

"Nilikuwa sijamuona bado mutoto wa Mama Kahindo. Nilimuona nyuma ya kumaliza, katika zile minuti ulizikosea. Kama ungehesabu muzuri, ningemuacha kule."

Olive aliporudi na maji alimkuta mama yake ameinamia miguu ya baba yake, analia. Hakuambiwa sababu. Ameijua juma hili, pamoja nasi. Mama Émérance mwenyewe ametuomba tuitangaze, kwa sababu amechoka kusikia watu wakisema mumewe alikuwa mzembe. "Sijue kama aliniambia kweli," anasema, "ao alinihurumia tu. Yule mutu alikuwa na huruma ya kupita kipimo. Nilitaka nimuulize tena. Sikumuuliza."

Wasikilizaji wapendwa, huenda na ninyi mna neno mliloliweka miaka mingi, na mwenye kulisikia bado yu hai, yuko kwenye kiti chake. Fikirini hilo leo kabla hamjalala.

Kwa Mama Nyirakamana Émérance, kwa Olive, kwa ukoo wote wa Masisi na Rutshuru, na kwa Mama Kahindo, ambaye amefika kutoka Butembo na analala kwenye mkeka wa matanga na wenzake, redio hii inawapa pole, pole sana. Mungu ampokee Papa Henri.

Matanga yanaendelea nyumbani, Murara. Rozari inasaliwa kila siku saa tisa alasiri, na anayeiongoza ni Mama Émérance mwenyewe. Mtakaokwenda, familia ina ombi moja tu. Akifika fumbo la tatu akarudi mwanzo, msimsahihishe. Rudieni naye.