Aliyemchekesha Mtoto wa Watu: Mwatime Shamsudin Anapumzika

Ijumaa ya tarehe 19 Desemba 2025, Bi Mwatime Shamsudin atarudisha funguo za gari la ofisi yetu ya Irving, hapa Texas, baada ya kutumika miaka ishirini na miwili. Wilondja wa stoo ndiye aliyeniomba niandike ukurasa huu wa Kiswahili wa jarida letu, maana nusu ya watu wa stoo ni Wakongomani na Wapwani, na wanataka kuzisoma habari zake kwa lugha inayowaingia. Mwandishi ni mfanyakazi mwenzake wa kujitolea jikoni, tena ni mama yake mzazi. Kwa hiyo nikimsifu sana, mnivumilie. Nikimsifu kidogo, mjue naumwa.

Mwatime alizaliwa Msambweni, mtoto wangu wa kwanza, na alitembea kabla ya watoto wote wa mtaa ule. Shule alinipita mbali, kwa sababu mimi niliishia darasa la nne. Alipofika Texas alianza kwa kusafisha ndege pale uwanjani, akirudi nyumbani Lewisville alfajiri na harufu ya sabuni. Mwaka 2003 ofisi hii ikamwajiri udereva. Akapanda kuwa mtunza stoo, kisha mratibu wa kusaidia vikundi, cheo ambacho mpaka leo nikikitaja kwenye simu, dada zangu kule nyumbani hunyamaza kwanza.

Kwa waliofika juzi, nieleze kazi yenyewe. Sisi hatugawi chakula wala mablanketi. Sisi tunawashikia ngazi wanaopanda. Kuna vikundi vidogo vinavyowahudumia Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Dine. Wengine ni wajukuu wa watu walioletwa Dallas na serikali zamani kutafutiwa kazi, wengine wanakuja Houston kwa matibabu kutoka kwao, mbali kule Arizona na New Mexico. Vikundi hivyo vina moyo, lakini havina mhasibu, havina wakili, havina gari. Mwatime alivitafutia hivyo vyote. Akimtaka wakili fulani wa Plano, alimpigia mpaka wakili akachoka kukataa.

Mara nyingi alinichukua safari za Houston nimfanyie mazungumzo asisinzie, na mara nyingi aliyesinzia nilikuwa mimi. Tulitoka Irving gizani. Nikifumbua macho naona ukungu umelala juu ya malisho, ng'ombe wamesimama ndani yake kama wamechorwa nusu. Nikifumba, nikifumbua tena, ni misonobari pande zote, mirefu, na jua linapita katikati yake kama mtu anayechungulia pazia. Mwatime anaendesha, anaimba chini kwa chini. Sikujua kama niko macho, na sikutaka mtu aniambie.

Sasa niwape habari ya Bi Verna Etsitty, maana bila hiyo hamtamjua mwanangu.

Bi Verna ni Mnavajo, mwanamke wa maneno machache. Houston anaongoza nyumba moja yenye kibaraza, katika mtaa wenye kivuli, karibu na hospitali kubwa. Mgonjwa akilazwa, mama yake au mumewe aliyesafiri naye hana pa kulaza ubavu. Pale hupewa kitanda, supu ya kondoo, na mtu wa kuzungumza naye Kinavajo. Mwaka 2014 nyumba hiyo ilikuwa inafungwa. Kikundi chao hakikuwa na usajili, kwa hiyo kilihitaji shirika la kukilea kisheria, na lile lililokuwa likikilea lilikuwa limejitoa. Asingepatikana mlezi kabla ya kiangazi kuisha, milango ingefungwa na ndugu wa wagonjwa wangelala kwenye magari.

Ofisi yetu ilijitolea kuwa mlezi. Bi Verna hakutaka. Walezi wa kwanza walimwekea bosi juu ya kichwa chake, wakawapiga picha wazee wake bila kuwauliza, wakazibandika mpaka kwenye kalenda. Alikuja Irving kutuambia hapana uso kwa uso, kwa heshima, kisha aondoke. Alikuja na binti yake, na binti alikuwa na mtoto mchanga mapajani.

Mkutano ulikuwa baridi. Bwana Patroba, mkubwa wetu wa wakati ule, alizungumza sana, na alivyozidi kuzungumza ndivyo Bi Verna alivyozidi kutazama dirisha. Nilikuwa naingia na chai. Mwatime alikuwa amekaa pembeni, mtoto anamkodolea macho. Basi akafanya linalofanywa na kila mwanamke wa kwetu: akajifunika uso kwa leso, akaufunua, akajifunika, akaufunua. Mtoto akacheka. Si tabasamu, kicheko chenye sauti, kikajaa chumba.

Wageni wote wakamgeukia Mwatime.

Hapo mwanangu akakosea kosa la Mpwani. Sisi tumelelewa kuogopa kijicho. Ukimchezea mtoto wa watu ambao hamjazoeana, kisha mama yake akakutazama vile, unajua unashukiwa umemtia jicho. Mwatime akasema mashallah mara tatu, akaomba radhi, akatoka mbio mpaka jikoni kwangu. Akaniambia ameharibu kila kitu, kwamba nyumba ya Houston imekufa kwa sababu ya leso yake. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, na akanilazia kichwa begani kama siku alipopotelewa na kiatu cha Idi.

Mlango ukafunguliwa. Bi Verna akasimama pale.

"Wewe ndiye umemchekesha," akasema. "Alikuwa hajawahi kucheka. Karamu ni yako."

Mwatime hakuelewa, mimi ndiyo kabisa. Bi Verna akaeleza. Kwao, mtoto akicheka mara ya kwanza, ndipo ameamua kukaa na watu. Aliyemchekesha ndiye anayeandaa karamu kwa niaba yake. Siku hiyo mtoto, akishikwa mkono, humpa kila mgeni chumvi na chakula, ili jambo lake la kwanza duniani liwe kutoa. Na wanasema tabia ya aliyemchekesha humwingia mtoto. Kwa hiyo, akasema Bi Verna, anataka kuona Mwatime ni mtu wa namna gani.

Mwatime alipomaliza kunitafsiria Kiingereza cha Bi Verna, nikamwambia amwambie mama huyo kwamba tabia ya mwanangu naidhamini mimi, na pilau ni juu yangu. Mwatime akasema, "Mama, hilo la pili nalitafsiri. La kwanza wacha alione mwenyewe."

Bwana Patroba aliposikia karamu akafurahi mno. Akapanga bango la ofisi, mpiga picha, na hotuba fupi. Si mtu mbaya, alitaka wafadhili waone. Lakini Mwatime alimwendea mezani kwake, mlango wazi, sote tukisikia. Alijua fika kwamba mkataba wake wa kazi ulikuwa unangoja sahihi ya bwana yule.

"Karamu ni ya mtoto, Bwana Patroba. Kamera ikiingia, mimi sitaingia."

"Mwatime, unanifukuza kwenye shughuli ya ofisi yangu?"

"Nakukaribisha. Njoo na kisu, vitunguu ni vingi."

Siku mbili hakumsemesha. Siku ya safari ya Houston tukamkuta bwana yule uwanja wa kuegesha magari, suruali ya kazi, na gunia la vitunguu miguuni. Akavimenya kule siku nzima, machozi yanamtoka, na wanawake wa Kinavajo wakamcheka mpaka na yeye akacheka.

Karamu ile mimi huiona bado nikifumba macho. Mvua nyembamba ya Houston, ile isiyoanguka bali inaning'inia. Pilau yangu ya mbuzi upande huu, supu yao ya kondoo upande ule, na watu wakila vyote viwili bila kuuliza. Binti wa Bi Verna ameushika mkono wa mtoto, na kile kiganja kidogo kinatoa punje za chumvi ya kwao, mgeni mmoja baada ya mwingine. Wagonjwa wawili waliletwa kwa viti vya magurudumu wapokee. Kibaraza kizima kilikuwa kama kinaota.

Baada ya vyombo kuoshwa, Bi Verna alimuuliza Mwatime, tukiwalea kisheria, sisi tutakaa wapi katika nyumba ile.

"Nje," Mwatime akasema. "Mkituita tutaingia. Tukimaliza tutatoka."

Bi Verna akauonyesha mlango kwa midomo, kama tunavyofanya sisi Pwani, wala asinyooshe kidole. Akasema waandike hivyo hivyo. Ikaandikwa: wanawake wa nyumba waamue kila jambo, sisi tushike hesabu na wakili, na picha yoyote iombwe kwa mwenye uso. Bwana Patroba akatia sahihi. Kiangazi kikaisha na milango ikabaki wazi.

Tangu hapo kila kikundi tulichokilea tulikilea kwa maneno yale. Kile cha Dallas kinachowafundisha vijana Kinavajo kina ofisi yake sasa. Kile cha wabeba maji kwa wazee kule kwao kimejisajili chenyewe, hakituhitaji tena, na Mwatime alileta keki siku kilipotuacha. Kazi yake ilikuwa kuachwa. Alifundisha hivyo wasaidizi wake wote, akiwemo Yasinta anayeshika nafasi yake.

Wiki iliyopita alikwenda Houston kukabidhi, nami nikamfuata. Bi Verna alikuwa hospitalini na mgonjwa. Alitufungulia mama mmoja aliyefika siku chache tu zilizopita, mumewe amelazwa. Akaona wanawake wawili wazee wamechoka na njia, akatuuliza tumemleta nani hospitali. Akatuonyesha kitanda kilicho wazi, akasema tusiogope, nyumba hii ni ya watu wa hapa, hakuna atakayetufukuza. Akaenda kuteleka chai.

Nikafungua mdomo nimwambie anazungumza na nani. Mwatime akanibana goti chini ya meza.

Akanywa chai yake yote. Alipoulizwa jina akasema Mwatime tu, na yule mama akalirudia vizuri, kama jina la mgeni yeyote.

Bi Mwatime, wenzako wa Irving na Houston wanakushukuru. Tunakuombea asubuhi zisizo na saa ya kuamsha, magoti mepesi, na barabara ambazo mwingine anaendesha. Na mimi mama yako nakuombea wewe uninywee chai hivyo hivyo kila siku, polepole, hakuna anayekungoja mahali.