Picha ya Kichwa cha Naomi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitikia kama watu wenye njaa. Bwana asifiwe! Haya, hapo sawa.

Mimi ni mama Naomi wa hapa Ilongero, mnanifahamu. Huyo aliyekaa benchi la mbele anachezea kiatu ndiye Naomi mwenyewe. Alizaliwa na ini bovu, akawa wa njano mpaka macho. Mlituombea, mlituchangia, tukaenda nje ya nchi, baba yake akakatwa kipande cha ini akapewa yeye. Tuliporudi mlitupokea kwa vigelegele, nami nikajua vita imeisha.

Ndugu zangu, ilikuwa haijaisha! Tulirudi na dawa ambayo tulikanywa tusiiache hata kidogo, maana bila hiyo mwili ungelikataa lile ini geni. Nilimpa asubuhi na jioni. Basi wakati wa mavuno ya alizeti Naomi akaanza kulalamika kichwa. Nikadhani ni jua. Kesho yake niko nakoroga uji, akaniita: "Mama, mbona hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi! Nikapitisha mkono mbele ya macho yake, hakupepesa. Kabla sijapiga kelele akaanguka, mwili mzima ukawa unatetemeka.

Wengine walisema degedege. Wapo walioniambia niache dawa, tufunge na kuomba tu. Tulimkimbiza mjini Singida kwa gari la jirani, na kutoka pale gari la wagonjwa likatupeleka hospitali kubwa Dodoma. Njia nzima nilijiuliza jambo moja tu, kama mwanangu ataniona tena.

Daktari akasema lazima apigwe picha ya ubongo kwa mashine ya MRI, ijulikane kama damu imevuja, au ni maambukizi, au ni dawa. Kila moja ina tiba yake, na kukosea ni hatari. Lakini mtoto alale bila kutikisika, na kwa hali aliyokuwa nayo daktari aliogopa kumpa dawa ya usingizi. Mashine ilipoanza kugonga, Naomi alipiga mayowe akajipindua. Picha ikaharibika. Mtoto haoni, yuko ndani ya bomba, na makelele yale! Hata mimi nilitamani kukimbia.

Hapo Mungu akanikumbusha. Sisi watoto wetu hulala kwenye kelele za fimbo. Tunapiga alizeti mbegu zitoke, wao wamelala fofofo juu ya magunia. Fimbo zikinyamaza ndipo wanaamka. Naomi amekulia hivyo. Nikamwinamia sikioni: "Mama, hao wanapiga alizeti. Wewe uko kwenye magunia. Fimbo zikianza, lala."

Nikavua hereni na kila chuma, wakaniruhusu kusimama miguuni pake. Mashine ikagonga. Nikaushika mguu wake, nikawa naupigapiga taratibu kufuata ile sauti, naomba kimoyomoyo. Mtoto akatulia. Ndugu zangu, mtoto akalala!

Picha ikatoka safi. Damu haikuvuja. Ubongo ulikuwa umevimba kwa nyuma, sehemu inayotuwezesha kuona, na vipimo vikaonyesha ile dawa ya kulinda ini imezidi mwilini. Dawa niliyompa kwa mkono wangu! Nililia mpaka daktari akanishika bega. "Mama, hujakosea. Ungeiacha ghafla, ini lingeharibika." Wakambadilishia dawa, wakashusha presha yake iliyokuwa imepanda, wakasema tusubiri.

Kusubiri kule, acheni tu! Kila akiamka namuuliza, "Unaniona?" "Hapana, mama." Natoka nje nalia, narudi natabasamu, ingawa yeye tabasamu lenyewe halioni. Mpaka asubuhi moja nampangusa uso, akanitazama, akakunja paji: "Mama, mbona blauzi umeigeuza, mishono iko nje?"

Haleluya! Sijui niliivaa hivyo tangu lini, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeniambia!

Hofu haijaniisha, siwadanganyi. Akisema tu kichwa kinauma, natafuta pa kukaa. Dawa anameza, kliniki tunakwenda. Lakini wewe unayeuguza mwana, usimshindanishe Mungu na hospitali kama vile ni maadui. Mpeleke mtoto, na Mungu umwamini humo humo wodini. Mimi alinikuta huko.

Leo kabla ya kuja ibadani nimemuuliza tena, "Unaniona?" Amelichoka swali hili. Amenijibu, "Nakuona, mama. Na leo blauzi umeivaa vizuri."