Elibariki Temu, Mwalimu wa Magongo Aliyeshindwa Kukaa

Wapendwa waombolezaji, kabla ya kuanza safari ya Kibosho, familia inawaomba mtulie kidogo msikilize habari za mtu ambaye yeye mwenyewe kutulia kulimshinda.

Marehemu Elibariki Leodegar Temu alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, Kibosho, mkoani Kilimanjaro, mtoto wa tatu wa Mzee Leodegar na Mama Clotilda, na mama yake alishikilia kwamba mwanawe huyo alitembea kabla ya kukaa, jambo ambalo majirani walilicheka lakini sisi tuliomjua tunaliamini. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kibosho, akamaliza sekondari Moshi mwaka 1979, na mwaka 1981 akaenda kusomea ufundi mitambo mjini Brno, nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia.

Huko alikutana na mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, akapangwa kuwa mlinzi, na kila kisahani, kile kigumu cha duara kinachopigwa badala ya mpira, kilipopita mbele yake alikifukuza mpaka pembeni na kuacha goli wazi, hadi mwalimu akamchoka, akamweka benchi msimu mzima. Hata benchi hakulikalia, alisimama, ila kwa kusimama pale aliuona mchezo wote, akarejea nyumbani Juni 1986 akiwa na elimu mbili, ya mitambo na ya nafasi.

Mwaka 1987 alifungua duka la vipuri eneo la Gerezani, ambako wateja walizoea kuhudumiwa na mtu anayetembea, na chai yake ilipoa kila siku. Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa takatifu na Severa, wakajaliwa watoto wawili, Allen mwaka 1991 na Angela mwaka 1994.

Mwaka 1998, yeye na jirani yake wa Upanga, Bwana Kishor, walianzisha timu ya magongo kwenye uwanja wa sementi nyuma ya maghorofa, kwa kuwa barafu ya Bongo ni ya kupozea samaki, wakacheza kwa viatu vya magurudumu vya mtumba na kisahani kilichokatwa kwenye tairi la lori. Aliwafundisha vijana kwamba mlinzi hafukuzi, bali anasimama kati ya adui na goli, na mwenzake akivutwa pembeni, mshambuliaji mmoja ashuke kuziba katikati. Kwa kuwa kila Desemba Wachaga wa timu walipanda kwao kula Krismasi, na wakati wa Diwali vijana wa Kihindi nao walikuwa na sikukuu yao, alimtaka kila mchezaji ajue nafasi mbili, yake na ya mwenzake aliye safarini.

Kila mchezaji alikuwa na wa kumshikia nafasi, isipokuwa mwalimu. Angela, mlinzi wake bora, alimwomba mara nyingi amwachie mazoezi walau ya Jumamosi, naye akajibu mwakani, na mwakani ikawa wimbo, huku sisi nyumbani tukihofia kwamba siku atakapoondoka, timu itaondoka naye.

Mwezi Novemba 2024 moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa hospitali iliyo karibu na Upanga, na madaktari wakampa dawa ngumu kuliko zote, kulala bila kuhangaika. Jumamosi ya tarehe 21 Desemba timu ilicheza na wageni kutoka Nairobi, Wachaga karibu wote wakiwa wameshapanda mlimani, Angela akiwa amebaki kwa ajili ya baba yake na kushika timu kwa mara ya kwanza. Marehemu alitoroka wodini kwa bajaji, akiwa amevaa kandambili, akafika ukingoni mwa uwanja na kuanza kupanga watu. Angela akimwita mshambuliaji wao Hinal abaki katikati, baba akimwita apande, binti wa watu akasimama njiapanda, na wageni wakapita hapohapo wakafunga.

Angela aliomba mchezo usimame, akaenda ukingoni, akamwambia baba yake mbele ya watu wote, "Shikamoo baba. Unatufungisha. Nafasi yako ni pale kwa mzee Kishor, nenda ukakae."

Tuliokuwepo tuliona aibu, maana kwetu baba haambiwi hivyo. Marehemu aliitikia marahaba, akaenda, akakaa. Mguu wake ulitikisika mpaka mwisho, Bwana Kishor akiwa ameushika, lakini hakunyanyuka wala hakufungua kinywa, na timu ilisawazisha, mbili kwa mbili. Jioni alimwambia mama Angela, kabla hata ya salamu, "Severa, leo nimekaa. Timu ina mwenyewe."

Aliitwa na Bwana alfajiri ya tarehe 9 Januari 2025, ameacha mjane, watoto wawili na timu yenye mazoezi Jumamosi hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa waliomsamehe ile bajaji, majirani wa Upanga waliotupikia, wafanyabiashara wenzake wa Gerezani na Kariakoo waliofunga maduka leo, na familia ya Bwana Kishor, ambayo haijaondoka hapa tangu msiba utokee.

Kaka Elibariki, pumzika kwa amani, na kupumzika kukikushinda, tembea kwa amani.